Mfungo wa Kalenda Mbili

Padova, Italia, Jumapili, 18 Januari

Mama yangu mpenzi,

Naubusu mkono wako, ule wa kulia wenye kidole kilichopinda. Natumaini barua hii itakukuta una nguvu, mguu umepunguza maumivu, na jiko lako halirudishi moshi ndani kama mwaka jana. Je, kisima kimeganda? Kuku wanataga, au wamegoma? Mimi mwanao ni mzima, ila mgongo, na mgongo kwa mtu wa matofali si ugonjwa, ni umri.

Nimeona nikuandikie badala ya kupiga simu. Simu iko kwa Zinovia, ukiongea nayo nyumba nzima inasikia, na sikio lako la kushoto unalijua mwenyewe. Barua nampa Grigore, dereva wa basi dogo linaloleta mizigo kijijini. Nimeifunga kwa gundi na juu nimebandika utepe. Ukiona utepe umechanika, ujue Grigore ameisoma, na umwambie usoni. Isome peke yako, na miwani, taratibu. Usimpe mtu akusomee. Na uisome mpaka mwisho, hata ukikasirika katikati.

Barua yako niliipata siku ya Mtakatifu Nikolai, mwezi uliopita. Nimeikunja na kuikunjua mpaka imekatika kwenye mikunjo. Uliniandikia kwamba mke wangu anawalisha wanangu saba maharage na kabichi ya chumvi tangu Novemba. Kwamba vyumba viwili amevifunga, milango ameiziba kwa mablanketi, na watu wanane wanalala kwenye chumba kimoja chenye jiko, kama viazi ndani ya gunia. Kwamba ufunguo wa ghala la chini anauvaa shingoni, pamoja na msalaba. Kwamba kila Alhamisi anapanda gari la mjini na kapu zito, anarudi na kapu jepesi, na ukimuuliza anatoka wapi anakujibu, "Kwenye baridi, mama."

Ukaniandikia hivi: "Mwanangu, mwanamke anayebana namna hii ana shimo mahali analolijaza. Mdomo wake una sala, mfuko wake una Yuda. Kikulacho ki nguoni mwako." Ukanishauri kwamba kuanzia mwaka huu fedha zije mkononi mwako, na nimwamuru Zinovia akukabidhi ufunguo wa ghala, ili wajukuu zako wale kama watoto wenye baba. Mwishoni ukanishukuru kwa dawa zako za moyo. Hilo la dawa nitalifikia.

Mama, sitakuficha, shauri lako nililikubali kabla hata sijamaliza kusoma. Nilikuwa nimeshaanza kumshuku Zinovia tangu Agosti, na barua yako ilinikuta kama mtu aliyekaa mlangoni anasubiri kuambiwa.

Ingekuwa mwanamke mbadhirifu, ningejua la kusema. Zinovia alizaliwa katika nyumba ya watoto kumi na mmoja, na kubana matumizi kwake ni kama kushona kwa mwingine. Unakumbuka alipokuja kwetu alivyokata kipande cha sabuni kwa uzi, vipande vinane, akakuonyesha kwa fahari, nawe ukamwambia kwamba kwenu sabuni hukatwa na maji. Viatu kwetu havina mwenyewe, vinashuka kutoka mguu hadi mguu, Nadejda anaanza na Ilinca anamalizia, na vikifika kwa Ilinca vimeshajua njia ya shule vyenyewe. Shati langu likichakaa shingoni anafumua kola na kuigeuza, likichakaa upande wa pili linakuwa shati la Pavel, kisha foronya, kisha kitambaa cha kuchujia jibini. Lakini siku zile tulikuwa tunabana na kucheka. Alikuwa anaukata ugali mezani kwa uzi, anampa kila mtu kipande chake, na aliyelalamika kwamba chake ni kidogo alimwambia kwamba kipande hakijapungua, ila macho yake ndiyo yamekua. Watoto waliipenda sana hiyo. Hakuna aliyelala njaa, na Jumapili palikuwa na kuku.

Basi sikiliza jinsi shaka ilivyoniingia. Sisi tangu babu ni watu wa kanisa la juu, la kalenda ya zamani, na Krismasi yetu ni Januari saba. Wa kanisa la chini wanakula yao Desemba ishirini na tano, halafu wanatucheka kwamba kwetu Bwana huzaliwa akiwa tayari ana wiki mbili. Wao wana mfungo wao na sisi tuna wetu, na hakuna mtu mwenye akili aliyewahi kuchanganya. Mwezi wa nane nilipiga simu, akapokea Ilinca. Nikamuuliza amekula nini. Akaniambia maharage. Na jana? Maharage. Nikamuuliza kama ng'ombe amekauka, akasema ng'ombe anatoa ndoo, ila maziwa ni mwiko kwa sababu ya mfungo wa Bikira Maria. Nikahesabu kwa vidole. Tarehe ilikuwa tano Agosti, na mfungo wetu unaanza kumi na nne. Nikamwambia, mwanangu, huo ni wa watu wa chini. Akanijibu kwa sauti ya mtu aliyefundishwa, "Baba, tunafunga na wa chini kwa heshima, halafu tunafunga na wa juu kwa imani."

Agosti nzima, mama. Watoto saba, ng'ombe mwenye maziwa zizini, na hakuna aliyeonja hata povu. Novemba ikawa hivyo hivyo. Alianza na wa chini tarehe kumi na tano, na wa chini walipofungulia na nyama zao, akawaambia watoto kwamba sisi ni watu wa zamani, tungoje yetu. Ilinca akaniuliza kama kuna kanisa la tatu, maana anataka kujiandaa.

Nilicheka kwenye simu, lakini nilipoikata sikucheka tena. Mtu akifunga kwa kalenda mbili, jibini ya kalenda mbili inakwenda wapi? Nguruwe aliyechinjwa Novemba kabla ya mfungo, mwenye uzito wa wanaume wawili, wewe mwenyewe uliandika kwamba watoto waliona masikio, mkia na supu ya mifupa. Nusu yake iliondoka ndani ya kapu.

Nikafanya kosa la kumweleza Haralambie, mzee wa chumba chetu. Haralambie ana miaka kumi huku, na kila mwanamke aliyebaki nyumbani kwa macho yake ni mwizi ambaye hajakamatwa. Alicheka mpaka akakohoa. Akaniambia, "Trofim ndugu yangu, mke anayefunga kwa kalenda mbili ana waume wa kalenda mbili. Wewe ndiye wa zamani." Chumba kizima kikaangua kicheko. Tangu siku hiyo wananiita Kalenda. Nikiomba chumvi wananiuliza ya mtindo wa zamani au mpya.

Nikaanza kupeleleza. Naona haya kukuandikia, lakini nimeapa kusema yote. Nilimwomba Grigore amwangalie Zinovia anapopokea mzigo, kisha aniambie. Kwanza akakataa, akasema yeye anabeba tambi, habebi talaka. Nilipomnunulia pakiti mbili za sigara akakumbuka mengi. Akaniambia kwamba Zinovia hawaruhusu watoto kuugusa mfuko. Anaufungua mwenyewe, anatoa pakiti moja moja, anaipeleka dirishani kwenye mwanga, anaigeuza, anaipapasa kwa kidole gumba kama mtu anayekagua noti bandia. Halafu anamuuliza maswali juu yangu. Ninavaa nini, nimekonda au nimenenepa, na zaidi ya yote, mikono yangu ikoje. Grigore alisema aliulizwa habari za mikono yangu mara tatu, mpaka akadhani nimekatika kidole na kumficha.

Sasa wewe mama niambie, mke anamuuliza mwanamume mwingine habari za mikono ya mumewe kwa sababu gani? Nilijibu mwenyewe, na kila jibu lilikuwa baya kuliko lililotangulia. Niliwaza kwamba anapima kama nitarudi karibuni, ili ajue muda alionao. Niliwaza kwamba anatafuta alama ya mwanamke wa huku, apate sababu. Nilipopata barua yako, nikasema basi, mama naye ameona. Macho manne hayawezi kukosea.

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, nilikwenda kumpigia. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia akupe ufunguo. Nilimtaka awatoe watoto nje, nikasikia mlango ukifungwa na Ilinca akibishana kwamba kuna theluji. Nikamuuliza moja kwa moja, bila salamu: jibini inakwenda wapi, nguruwe amekwenda wapi, Alhamisi unakwenda kwa nani? Na ufunguo umpe mama.

Naye akaniuliza kwa upole kabisa, "Na wewe Trofim, tambi unanunua duka gani?"

Mama, hapa ndipo penye mfupa wa barua hii. Kaa kwenye kiti kama umesimama.

Sina kazi tangu mwezi wa saba. Kampuni ilisimama, tajiri akatuambia tupumzike wiki mbili, na wiki mbili zile hazijaisha mpaka leo. Asubuhi nasimama na wengine barabarani, nje ya duka la vifaa vya ujenzi, tunangoja mtu mwenye gari apungie mkono. Wiki nzuri napata siku mbili, wiki mbaya narudi na mwiko wangu msafi kama nilivyotoka nao. Kidogo nilichokipata nilikituma, nikamwambia Zinovia kwamba tajiri anachelewesha. Chakula nilichokuwa natuma, tambi, mchele, maziwa ya unga, sikukinunua. Kuna watawa hapa wanagawa kwenye mlango wa nyuma wa kanisa, Jumanne na Ijumaa. Nasimama kwenye mstari na kofia imeshuka usoni, mimi niliyewajengea watu wa mji huu ghorofa nne. Nusu nala, nusu natuma. Pakiti zile zimeandikwa ubavuni kwamba ni za msaada, haziuzwi. Nilikuwa nakwangua maandishi kwa kisu cha lipu kabla ya kumpa Grigore. Nilidhani nimekwangua yote.

Zinovia aliona kwenye mzigo wa kwanza kabisa. Rangi niliitoa, lakini herufi zilibaki zimechimbika kwenye karatasi, na kwenye mwanga wa dirisha zinasomeka. Nadejda akamsomea, maana lugha ya huku haiko mbali na yetu. Zinovia akaniambia, kitu kisichouzwa hakijanunuliwa. Ndipo alipoanza kumuuliza Grigore mikono yangu. Fundi wa lipu mwenye kazi ana mikono iliyopasuka kwa chokaa, na yangu tangu tuoane haijawahi kupona. Grigore alimjibu kwamba nina mikono laini kama ya padri. Zinovia alisema siku hiyo aliingia zizini akakaa na ng'ombe. Kwanza alishuku mwanamke. Halafu akashuku ugonjwa, halafu gereza. Akasema afadhali angekuwa mwanamke, angekuja kumvuta nywele arudi na mumewe.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia kwamba anajua. Akanikumbusha baba yake Pavaluca wa mtaa wa kinu, aliyeona haya kwa sababu hana cha kutuma, akaacha kupiga simu, na leo hakuna anayejua kama yu hai. Akasema alingoja niseme mwenyewe. Alingoja miezi sita, na kila nilipopiga simu nilimwambia habari za tajiri.

Kuhusu mfungo, alisema neno ambalo sijaweza kulitoa kichwani. Alisema njaa yenye jina la mtakatifu watoto hawaiogopi. Angewaambia kwamba maziwa yanauzwa kwa sababu baba hana kazi, wangelia na kusema shuleni, na kijiji kizima kingejua kabla ya jioni. Akawaambia ni mfungo, wakaona fahari, hata wakashindana nani amefunga vizuri zaidi. Na mfungo mmoja ulipokuwa haufiki, akaazima wa jirani. Kwa maziwa, jibini na ile nusu ya nguruwe alinunua unga, mafuta ya alizeti, buti za Pavel, na kuni. Vyumba alivifunga ili kuni zitoshe majiko mawili, lao na lako. Na kila Alhamisi alinunua kitu kimoja zaidi.

Mama, mimi sijakutumia dawa za moyo tangu Agosti.

Uliponishukuru, nilidhani unanikumbusha kiutu uzima kwamba nimekusahau. Nilikasirika kidogo, nikanyamaza. Vile vidonge ambavyo Zinovia anakuletea ndani ya kichupa bila boksi, akisema Grigore ametupa maboksi kupunguza mzigo, vinatoka kwenye duka la dawa la mjini kwetu, pale karibu na stendi, ambapo uliwahi kusema kwamba wanauza chaki. Barua yako ya mwezi wa kumi ilisema kwamba dawa za Italia ni kitu kingine, unapanda kilima bila kupumzika. Kapu linarudi jepesi kwa sababu dawa ni nyepesi, mama. Aliniomba nisikwambie. Alisema ukijua zinatoka mkononi mwake utaziacha, kama ulivyoacha kula mezani kwake tangu mlipogombana juu ya pipa la kabichi, na moyo wako hauwezi kubishana na pipa. Nimemvunjia ahadi, kwa sababu nikinyamaza utaendelea kumhesabia vijiko.

Uliniandikia kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Ni kweli, kilikuwa nguoni mwangu mimi. Mtu anayeficha huona maficho kila mahali. Niliishi na uongo mfukoni nusu mwaka, nikamtuma dereva kumpeleleza aliyekuwa anaufunika.

Kwa hiyo ufunguo wa ghala usiuchukue. Akikupa mwenyewe, kwa sababu nilitamka neno kabla hatujaelewana, umrudishie siku hiyo hiyo. Fedha yoyote nitakayoipata, iwe ya siku moja au ya mwezi, itakwenda mkononi mwa Zinovia, hata ile ya dawa zako. Ukihitaji, utamwomba yeye, kwa mdomo wako. Najua ninachokuomba. Najua kwamba tangu marehemu baba afariki hujamwomba mtu kitu. Usimshukuru kwa maneno mengi, atashtuka na kudhani unaumwa. Mwombe tu, naye akupe, na umeze mbele yake.

Na kama utaweza zaidi ya hapo, zima jiko lako mpaka Machi, uhamie kwao. Watu tisa katika chumba kimoja si aibu, ni joto. Kuni zitakazobaki zitafika Pasaka, na Pasaka kwa kalenda zote ni siku moja, kwa hiyo siku hiyo watoto watakula bila ubishi.

Kuna mtu ameniahidi kazi ya kupogoa mizabibu mwezi ujao. Nikiipata nabaki. Nikiikosa, narudi na Grigore, mikono mitupu, mchana kweupe, watu wakiniona. Zinovia ameshaniambia nije hivyo hivyo. Wewe hujaniambia, na nangoja neno lako.

Wasalimie Nadejda na wadogo zake wote hadi Ilinca, wala usiwaambie lolote la barua hii. Msalimie padri wa juu, na wa chini pia, maana mwaka huu tumekula maharage yake. Salamu zangu kwa mkwe wako, na safari hii uzifikishe wewe mwenyewe. Mungu aulinde moyo wako. Naubusu tena mkono wako na kuomba unisamehe.

Ni mimi mwanao,
Trofim